Mama Alipoharibu Shamba

Majani mabichi yakifukiwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa harufu fulani, chachu kidogo, kama togwa lililolala siku mbili. Juzi jirani yangu hapa Sumbawanga mjini alikuwa akipindua bustani yake, harufu ile ikanifikia nikiwa na ndoo mkononi, nikasimama palepale kama mjinga. Ilinirudisha kijijini kwetu Mpui, mwaka ule baba alipoliweka jembe chini.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mbolea ya chumvichumvi, ambayo baba aliizoea mpaka akasahau kilimo kingine, ilipanda bei ghafla tukawa tunaiona dukani tu. Ikabidi turudie ntumba, vichuguu vya wazee wetu: unakata majani, unayakusanya, unayafunika kwa udongo, unapanda maharage juu. Majani yanaoza humo ndani, na mwaka unaofuata unavibomoa na kusia ulezi. Lakini lazima vijengwe mvua ikiwa bado ipo. Ardhi ya kwetu ikishakauka jembe linadunda, na usipojenga umekosa maharage mwaka huu na ulezi mwaka ujao. Yaani njaa mara mbili.

Baba alianza vizuri. Alifika nusu ya shamba, akaacha. Hakuugua, hakulewa, hakugombana na mtu. Kila asubuhi alikaa jikoni, maana baridi ya Ufipa si ya mchezo, akalinoa jembe kwa tupa. Likang'aa. Kesho yake akabadilisha mpini. Keshokutwa akanoa tena. Mtu ambaye kila siku alituimbia "mtaka cha mvunguni sharti ainame", leo hataki kuinama! Mimi, mtoto wa miaka tisa, sikuelewa hata kidogo. Nilidhani labda jembe ndilo lenye ugonjwa.

Mama hakumngoja. Alichukua jembe lake akaenda kuendelea pale baba alipoachia, nami nikamfuata kukusanya majani. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Mama yangu, ambaye wanawake wenzake walimsifu kwa vichuguu vya mviringo safi, siku hiyo alijenga vitu vya ajabu. Kimoja kimelala upande, kingine majani yamechomoza pande zote kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Safu yenyewe ilipinda. Nikamwambia, "Mama, si hivyo." Akanipa mgongo, akaendelea kulima.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta baba na tupa yake.

"Shikamoo baba. Baba, mama anaharibu shamba!"

Baba aliiweka tupa chini. Kisha akanyanyuka, jembe begani, akatembea haraka mpaka nikawa namkimbilia. Kufika, akakizunguka kichuguu cha kwanza.

"Mama Skola, hiki ni nini? Kaburi la kuku?"

"Jenga wewe basi, baba Skola, unayejua," mama akajibu bila kugeuka.

Baba akakibomoa, akakijenga upya. Akabomoa cha pili. Cha kumi na ngapi sijui, nilimsikia akipiga mluzi. Alilima mpaka jua likazama, kesho yake akawahi kabla ya sisi kuamka, na shamba likaisha mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha. Mimi nilichopata ni kufinywa sikio na mama kwa umbea. Nililia, nikaona dunia haina haki.

Nilipokua, nikajipa jibu: mama alikuwa mjanja, alijenga vibaya makusudi ili amchokoze mumewe. Hadithi hiyo nimewasimulia watu wengi, na kila mara tunacheka. Mwaka jana, baba akiwa ameshatangulia, nilikuwa kwa mama tukipukuchua mahindi, nikamsifu kwa ile mbinu yake.

Akaacha kupukuchua.

"Mbinu gani, Skola? Nilikuwa nimekata tamaa kuliko hata baba yako. Mikono ilikuwa inakataa. Nilikuwa nalia, ndiyo maana nikakupa mgongo."

Siku tatu nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nahesabu majani yaliyochomoza, wala sikuona mabega yake. Nikamwomba radhi kwa dhati kwa kwenda kumsemea kwa baba.

"Radhi ya nini?" akasema, akichukua hindi lingine. "Ungemwambia ninalia, angeona aibu, asingekuja. Ulimwambia ninaharibu shamba."