Kila Mtawala Ana Sababu Yake

Jumamosi zangu hapa mjini, mtaa wa Migosi, zimeliwa na wafalme. Nina mchezo kwenye laptopu, wa koo za kifalme za Ulaya ya kale: unaozesha mabinti, unarithi ngome, unakufa, mwanao anaendelea. Mimi natawala ukoo mmoja tu. Waliobaki wote wanaendeshwa na kompyuta, na hao ndio walioniteka. Kushinda sijali sana. Nataka kujua wanawaza nini.

Maana wana vituko. Mfalme mmoja alinipa binti yake kwa furaha, nilipovamiwa akasema yeye hapigani vita vya watu. Mwingine aliacha mji wake ukizingirwa, akaenda kuteka kijiji cha mbali. Na kuna jirani ambaye jeshi langu likiwa na nguvu ni mpole kama kondoo. Likichoka tu, huyo mlangoni. Mwanzoni nilidhani kompyuta inabahatisha. Kumbe ukiweka kishale juu ya uso wa mtawala, sababu zake zote zinajitokeza, kwa kijani anachokupendea, kwa nyekundu anachokuchukia. Huyu anaitaka ngome yako. Yule ni mwoga kwa tabia. Nilikuwa nikicheka peke yangu na kusema laiti binadamu wangeumbwa hivyo.

Binadamu niliyemfikiria alikuwa kakangu. Kwetu Seme, kando ya ziwa, mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa. Mkubwa atoke kwanza kwa baba, aanzishe dala yake, yaani boma lake, ndipo anayemfuata naye atoke. Mimi ndiye ninayemfuata, na hamu ya nyumba yangu inaniwasha kama upupu. Kakangu anachomelea vyuma mtaani Obunga, uwezo anao, sehemu yake ya shamba anaijua, lakini kila jioni anarudi Seme kulala kwenye simba, kile kibanda cha ujana ndani ya boma la wazazi. Mtu mwenye mvi! Nilimtumia wazee, nikamtumia shemeji. Jibu lake ni moja: "Tutaona." Moyoni nilishamhukumu. Ni mvivu, au ana wivu.

Jumamosi moja alipitia kwangu akiwa na mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyokaangwa. Akakaa nyuma yangu akitafuna, macho kwenye skrini. Nilikuwa nambembeleza mtawala mmoja tufunge mkataba, naye hataki.

"Omera, huyu mzee anakataa nini na umempea zawadi yote hiyo?"

"Nilidhani ni mjinga tu," nikamwambia, nikasogeza kishale. "Kumbe babu yangu aliua babu yake. Ona, hiyo nyekundu."

Kakangu akacheka. "Kumbe ako na sababu, na wewe unamwita mjinga."

Nikageuka kumtazama. Pengine ni ule udadisi wa kusoma nyuso za wafalme wa mchezo ulionisukuma. Nikamuuliza mwenyewe, bila wazee na bila hasira: "Na wewe omera, sababu yako ni gani?"

Alipangusa vidole kwenye gazeti, taratibu.

"Nikijenga, si unajua siwezi lala tena kwa boma ya Mama? Ni mwiko. Na nikitoka, wewe pia unatoka. Huyu wetu wa mwisho, mwenye angebaki na yeye, ako Qatar. Sasa Mama anabaki na nani? Tangu Baba aende anaogopa giza. Hataki watu wajue. Nikiwa huko, usiku anakuja kwa dirisha yangu ananiuliza kama nimelala. Nikiitika, ndio anaenda kulala."

Nikafunga laptopu. Mama yangu, mwanamke aliyewahi kumfukuza kiboko shambani kwa sufuria na mwiko, anaogopa giza, na mimi sikujua. Nilimpenda kakangu jioni ile kuliko siku zote za maisha yangu, na nyumba yangu nikaitaka vilevile.