Siku Niliyotaka Kumbeba Baba

Nafundisha fizikia katika shule moja ya Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, na mimi ni mfupi. Mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana hadi siku tuliyomzika baba.

Baba alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtu wa mwili, shati lake moja lingetutosha mimi na mke wangu. Saratani ya koo ikamfungia chakula. Miezi ya mwisho alikuwa akinywa uji kwa kijiko na kuutema nusu. Hata hivyo hakukubali ainuliwe. Alijikokota hadi chooni akishika ukuta, na nikimsogelea ananifukuza.

"We mutoto, mi ndo nilikubeba. Acha."

Alipofariki nilijiambia kwamba leo hawezi kunikataza. Wakati wa kumwosha walinituma nikatafute gari, kwa hiyo nafasi ya kumbeba ikabaki kwenye jeneza tu.

Kwetu jeneza hubebwa mabegani, na kila mwanamume anataka thawabu, basi watu hupokezana kila baada ya hatua chache. Mtoto wa marehemu ndiye huachiwa nafasi yake. Niliingia upande wa kulia, mbele yangu fundi mmoja mrefu, nyuma yangu mwingine, wote baba aliwafundisha kazi. Tukasema bismillahi, jeneza likainuka. Lilipita bega langu likabaki huko juu. Kati ya mbao na bega palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

Labda mwingine angeona ni jambo dogo. Mimi kila mwaka natunga swali lile lile la mtihani: mzigo uko juu ya ubao, watu wameushikilia hapa na pale, nani anabeba kiasi gani? Asiyeguswa na ubao anabeba sifuri. Mwanafunzi akimpa hata kidogo, namkata alama bila huruma. Nilinyoosha mkono, vidole vikagusa mbao, lakini havikuinua chochote, vilifuata tu. Nilitembea nikichuchumia.

Baba mdogo alikuwa akitembea kando yangu. "Baba mudogo," nikamwambia, "waambie washushe kidogo. Mi sibebi kitu."

"Tembea tu, mwanangu, hapa hatusimame. Na angalia vile iko mwepesi, mashallah! Mutu muzuri anakuwaka mwepesi."

Nilikasirika. Wepesi ule haukuwa wa wema wake, ulikuwa wa njaa, na njaa hiyo niliiona kwa macho yangu. Lakini mtu hagombani chini ya jeneza. Tulifika barabarani lilipokuwa gari, watu wakanishika mkono wakiniombea kheri kwa kumbeba mzee wangu. Niliitikia amina huku naona haya.

Makaburini nilishuka shimoni kabla hawajachagua nani ashuke. Walimtoa jenezani wakamteremsha taratibu, baba mdogo akapokea miguu, mimi kifua na kichwa, kisha walio juu wakaachia. Uzito ukanijia mikononi. Nilikuwa nimejikaza kwa uzito wa yule baba niliyemjua tangu utotoni, na kwa nguvu zile nusura nimrushe juu. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, nikalia mpaka wakanivuta nitoke. Ningeweza kumbeba peke yangu tangu nyumbani.