Mume Wangu na Mwanamke wa Rwambuzi

Kila Jumamosi, kazi ya salongo, ule usafi wa lazima wa mtaa, ikiisha, mume wangu alikuwa anaoga, anavaa shati safi, anachukua kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kutoka. Jioni alirudi na kifurushi kingine kama kile kile. Nikimuuliza alikokuwa, alisema, "Kwa rafiki." Rafiki gani anampa mtu harufu ya sabuni isiyokuwepo nyumbani kwake?

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini na tulikuwa tunakaa Nyakasanza, mtaa mmoja wa Bunia. Mimi nilizaliwa Butembo, huko Kivu. Wazazi wangu walihamia Bunia kwa sababu ya biashara. Yeye alikuwa wa hapa hapa, mtoto wa wafugaji, mabega mapana, mbebaji wa magunia ya kahawa kwenye depo ya tajiri mmoja. Walimsifu kwamba anabeba gunia huku anaimba.

Halafu akaanza kunificha mwili wake. Hakuvua nguo mbele yangu tena. Nikimgusa tumboni, aliusukuma mkono wangu. Wakati wa kukaa mezani alijishusha polepole, kisha alinitupia jicho kuona kama nimemwona. Nilimwona. Kwangu mimi yote yale yalikuwa na maana moja: deuxième bureau, kama tulivyowaita wanawake wa pembeni siku zile.

Mwenzake mmoja wa depo alipopita nyumbani, nilimuuliza bila kuzunguka. Akacheka.

"Mama, muache atembee. Ule iko mwanaume kabisa!"

Hakujua chochote, niligundua baadaye. Lakini alikuwa anamsifu mume wangu, na sifa ile iliniuma kuliko tusi. Tangu siku ile nilinusa mashati, nilikagua mifuko, niliwatazama wanawake sokoni nikijiuliza ni yupi. Majirani nao walinong'ona kwamba ana mwanamke mtaa wa Rwambuzi.

Jumamosi moja niliwaacha watoto kwa jirani, nikajitanda kikwembe kichwani na kumfuata kwa mbali hadi Rwambuzi. Mara kwa mara alisimama kando ya ua wa mtu, mkono mmoja ukutani. Nilidhani anachungulia kama kuna anayemfuata. Mwishoni alizunguka nyumba moja ya udongo na kuingia kwa mlango wa nyuma. Nikaingia nyuma yake bila kubisha hodi.

Mume wangu alikuwa amesimama, shati limepandishwa, suruali imelegezwa. Mbele yake alikuwa amepiga magoti mwanamke wa umri wa mama yangu, pini zimebanwa midomoni, akimfunga kiunoni mkanda mpana wa kitambaa kizito. Kwenye kinena chake niliona uvimbe, mkubwa kama ngumi. Uani, juu ya kamba, ilianikwa mikanda mingine mingi kama ule, imeoshwa vizuri.

"Unanifuata?" mume wangu alisema.

"Ndiyo, nakufuata. Huyu ni nani?"

Mwanamke alitoa pini mdomoni. "Miye niko mushonaji tu, mama. Bwana yako iko na ngiri. Mukanda unaizuia wakati anabeba magunia. Hawezi kuufua kwenu, utauona, basi ananiletea muchafu, ninamupa safi. Nilimwambia aende hospitali kwa munganga. Anakataa. Wenye hii mikanda yote wanakataa."

Tulirudi Nyakasanza. Nilifunga mlango nikamuuliza, "Kila mtu anasema uko na mwanamke. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukaacha waseme?"

"Mwanaume wa wanawake wanamuheshimu," alijibu akitazama sakafu. "Mwanaume mugonjwa, kesho patron anaita mwingine. Kule depo, anayesema anaumwa wanamuita madame."

Nilikasirika kuliko kama ningemkuta na mwanamke kweli. Hapo angalau ningekuwa na mtu wa kumchukia. Nilimwambia achague: aende hospitali, au niende mwenyewe kwa mama yake nikamweleze. Alienda, akapasuliwa, na wote waliokuja kumsalimia aliwaambia ni malaria.

Madaktari walimkataza kubeba. Tajiri alimuweka kwenye mizani ya kahawa, na akawa anarudi nyumbani mapema, anakaa na watoto, ananichambulia sombe, majani ya muhogo. Nilifurahi. Sikujua kwamba macho ya ndugu zake yamehamia kwangu.

Jumapili moja baada ya misa, mama mkwe alifika na kaka mkubwa wa mume wangu, dereva wa lori. Walikataa chai. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Mutoto wangu alikuwa na nguvu," mama mkwe alisema. "Leo anachambua sombe. Weye mwanamke wa kutoka Kivu, ulimutia nini mu chakula?"

Nilimgeukia mume wangu. Alitazama mlango. Nilianza kufikiri kwamba ataniacha nibebe na hili pia, kama alivyomwacha yule mshonaji abebe jina baya kwa miezi yote ile. Kisha akasimama, akafungua vifungo, akashusha ukingo wa suruali na kuwaonyesha kovu.

"Ni ngiri, mama. Ilikuwa inaniua. Ni yeye alinipeleka kupasuliwa."

Kaka mkubwa aliliangalia kovu lile kwa muda mrefu. "Iliuma?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Miye pia iko nayo. Tangu zamani."

Mama mkwe naye alisogea kuliangalia. Watu wa familia walikuwa wameniambia kwamba baba mkwe alifariki tumbo limevimba, na kwamba alirogwa na jirani yao wa Ngezi, mtaa wao. Jirani yule hawakumsalimia tena, wala watoto wao hawakucheza na wa kwake.

"Baba yenu," mama mkwe alisema, "alikuwa anajishika hapo hapo. Akiona ninaangalia, anaondoa mukono."

Hakuniomba radhi, nami sikungoja. Kaka mkubwa alipasuliwa kabla ya mvua kuanza. Juu ya jirani wa Ngezi, mama mkwe hakutamka tena neno la uchawi mbele yangu, lakini kama alienda kumsalimia au hapana, sijui. Kila nilipomuuliza, aliniuliza watoto wanaendeleaje.