Uliza Kwanza Kama Ina Mimba

Siku ya kwanza kazini, fundi mkuu wa studio moja hapa Eldoret alinipa kamera iliyokufa na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilidhani ananituma nikaoge. Kumbe sabuni ni ya kushika skrubu: kila unayofungua unaidunga mahali pake, kama ilivyokaa kwenye kamera, usije ukazichanganya wakati wa kurudisha.

Mimi mbio nikashika mgongo wa kamera nifungue. Akanichapa mkono.

"Wewe, umeuliza kama ina mimba?"

Alimaanisha filamu. Unazungusha polepole kile kidude cha kuirudisha kwenye mkebe wake. Kikikaza, iko ndani, na ukifungua mwanga unaua picha zote.

Shule sikuwa nayo ya kusema, lakini hiyo ilinitosha. Baadaye nikafungua kibanda changu mtaani Langas. Nilisafisha ukungu wa lenzi na kubadilisha mapazia ya shata, vile vitambaa vinavyofunguka picha ikipigwa, mpaka macho yakachoka. Kisha simu zikaja, kazi ikapoa kama chai iliyosahaulika.

Siku moja Mama mmoja wa Burnt Forest akaniletea kamera ya marehemu mumewe. Nyumba yao ilichomwa wakati wa vita vya uchaguzi, picha zote zikaenda nayo. Kamera ilipona kwa sababu shemeji yake alikuwa ameiazima. Sasa alitaka kuiuza.

"Fungua tu, Mzee. Haina kitu."

Nikazungusha kidude. Kikakaza.

"Mama, hii ina mimba."

Akatafuta stuli, akakaa.

Filamu ilikuwa imekwama, haikubali kurudi. Niliifunika kamera kwa koti langu zito, nikapitisha mikono kwenye mikono ya koti, nikafungua gizani kwa kupapasa. Nikaikunja filamu, nikaitia mkebeni. Mama akaipeleka Nairobi ikasafishwe, itoe picha.

Alirudi na picha moja, zingine zilikuwa zimeharibika. Mwanaume mlangoni, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha.

"Ni yeye," akasema. "Hizo gambuti za mpira miguuni ni zake. Ni mimi nilimpiga, na sikujua kulenga."

Baada ya hapo nilifunga kibanda. Mgongo unauma, na chini ya kitanda kumejaa kamera ambazo wenyewe hawakurudi kuchukua. Siku zingine nazitoa, nazungusha kidude cha kila moja. Nyingi ni tupu. Zile zinazokaza sizifungui. Huenda mtu akaja.