Siku Tulipomtafuta Baba Vilabuni

Mwaka nilioposwa, baba alikuwa na miaka mitatu hajarudi Uroa. Alikwenda Mjini kufanya kazi ya uchukuzi kwenye maghala ya karafuu, akasema atakaa msimu mmoja tu. Mwaka wa kwanza alituletea sukari na doti ya kanga kwa mkono wa dereva wa gari la shamba. Mwaka wa pili zilikuja salamu peke yake. Wa tatu hata salamu hazikuja, na watu waliokwenda Mjini wakarudi, mama akiwauliza, walitazama pembeni wakasema hawakumwona.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Aliyeniposa alikuwa mvuvi wa hapo hapo kijijini, mtu mpole asiye na maneno mengi. Posa ilipokewa na ami yangu, mdogo wake baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Ami alikuwa mtu wa msikitini, mkali wa nafsi yake na wa nafsi za wenziwe. Yeye alidhani mambo yamekwisha. Lakini mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, ambaye ndiye aliyekuwa akifungisha ndoa, alikataa. Alisema baba yangu yu hai na yumo kisiwani humu humu, hawezi kumruka akamwendea mdogo wake. Baba aje mwenyewe, au ampe ami uwakili mbele ya mashahidi wawili, na siku hiyo awe na akili zake timamu. Aliposema hilo la mwisho aliinamisha macho, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa kijiji kizima kilikuwa kikijua jambo ambalo mimi silijui.

Tulipotoka kwake nilimuuliza mama. 

"Baba yako anakunywa," alisema.

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba alianza kijijini alipokuwa mkwezi wa minazi, akawa anaonjeshwa tembo na wagema. Mwanzo lilikuwa tembo tamu la asubuhi, baadaye lile kali la jioni. Yeye mama ndiye aliyemshikilia aende Mjini. Alidhani akiwa mbali na minazi ataacha.

Tulikwenda sisi watatu, mama, ami na mimi, juu ya gari la shamba lililojaa magunia ya makumbi ya nazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Mjini, na siwezi kusema uongo, njiani nilikuwa na furaha. Nilijifikiria nikipita katika maduka ya vitambaa, nikichagua cha harusi. Hayo maduka niliyaona kwa mbali tu. Tulishuka Darajani, tukavuka moja kwa moja kuelekea Ng'ambo, kwa bibi mmoja mjane, jamaa wa mama, aliyekuwa na nyumba ya udongo na akiishi kwa kupika mikate ya kumimina. Yeye hakutuficha. Alisema baba alifukuzwa ghalani zamani, kwa kuwa mikono ilikuwa ikimtetemeka na alishamwangushia mwenziwe gunia mguuni. Kama tunamtaka, alisema, tukamtafute vilabuni.

Asubuhi ya pili tulitoka. Mama alivaa buibui lake akalishika kidevuni hata yakabaki macho tu, na mimi nikafanya vivyo hivyo. Kilabu cha kwanza kilikuwa banda la makuti lenye mabenchi, na mlangoni pana mapipa ya tembo yaliyofunikwa magunia, nzi wamejaa. Tulisimama ng'ambo ya njia. Mama alimtazama ami, akingoja aingie. Ami alitia mkono mfukoni akatoa tasbihi yake.

"Mimi simo," alisema. "Sijapata kutia mguu humo, na sitautia leo kwa ajili yake."

 Mama alivuka njia, akainama chini ya makuti akaingia. Nilimfuata kwa sababu niliona aibu kumwacha peke yake, na niliona aibu zaidi nilipokwisha ingia. Wanaume waliokuwa wakizungumza walitugeukia wote pamoja. Harufu ilikuwa ya kitu kilichochacha na jasho. Mama aliwapa salamu, kama anavyoingia msibani, akamtaja baba kwa jina na kwa kijiji chake. Mwenye kilabu alijibu kwa heshima kwamba anamjua, lakini tangu masika hamuuzii tena, kwa kuwa alikuwa akianguka pale pale mlangoni na kufukuza wateja. Tulipogeuka nilimwona mtu pembeni aliyejifunika uso kwa kofia yake. Nilimjua kwa miguu. Alikuwa mtu wa Uroa, mmoja wa wale waliomwambia mama hawakumwona baba.

Kilabu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Palikuwa na watu wamelala chini saa nne ya asubuhi, na mmoja alimwita mama kwa neno ambalo sitaliandika. Mama alipita juu ya miguu yao, akamtazama kila aliyelala usoni, mmoja mmoja, akiwageuza kwa ncha ya vidole walioinamia ardhi. Mimi nilisimama mlangoni nikilia. Baba hakuwemo. Lakini mzee mmoja alitutoa nje, akatuonyesha kichochoro na kusema twende kwa mwanamke wa bara anayepika pombe ya mtama.

Ile haikuwa kilabu hasa, ilikuwa nyumba yake. Uani palikuwa na pipa juu ya mafiga, kimea kimeanikwa juu ya mkeka, na machicha yametupwa kwa kuku. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mikono imemwiva kwa moto. Mama alipotaja jina la baba, aliacha kukoroga.

"Ni mumeo?" aliuliza.

Mama alisema ndiye.

Alituonyesha banda la kuni. Baba alikuwa amekaa ndani kwenye gunia, ameegemea ukuta. Sikumjua. Niliyemkumbuka alikuwa mtu wa mabega mapana aliyekwea mnazi kwa kamba moja ya miguu. Huyu alikuwa na tumbo limemvimba na miguu kama ya kuku, na macho yake yalikuwa ya manjano. Nilimwamkia shikamoo. Alijibu marahaba kabla hajajua mimi ni nani, na alipojua alifunika uso kwa viganja viwili.

Yule mwanamke alitusimulia kuwa baba humtekea maji kutoka mferejini, naye humpa chakula, mahali pa kulala na pombe. Hakusema kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Mama alimwambia tumekuja kumchukua, kwamba anatakiwa kuoza binti, na anatakiwa awe mzima wa akili. Baba alisimama mwenyewe, akatafuta kofia yake. Alitaka kuja. Hilo nataka lijulikane, kwamba hakuna aliyemburura.

Tulipokuwa mlangoni, yule mwanamke alimshika mama mkono.

"Msimkatishe ghafla," alisema. "Mpeni kidogo asubuhi na kidogo jioni, mkipunguza. Mimi nshawaona wanaume wakifa kwa kukatishwa." Akamnyooshea chupa iliyozibwa kwa kitambaa.

"Pombe haiingii nilipo mimi," mama alisema, akautoa mkono wake.

Ami, aliyekuwa akitungoja njiani, aliitazama chupa ile na kutema mate.

Tulimweka baba katika chumba cha nyuma cha yule bibi. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alianza kutetemeka, kwanza mikono, kisha mwili mzima, hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Jasho lilimtoka mpaka tukabadilisha shuka mara tatu. Ami alimsomea, akasema hicho ndicho kilevi kinachomtoka. Mama alimnywesha uji kwa kijiko, na mwingi ulimwagika shingoni.

Adhuhuri ya siku hiyo ami alikwenda msikitini, mama akaenda kisimani kufua, na yule bibi alikuwa ametoka kuuza mikate. Nilibaki naye mimi. Baba alinitazama, macho yametulia kidogo.

"Mwanangu," alisema, "nenda kwa yule Bi mpika pombe. Mwambie nimekutuma. Kidogo tu, cha kunituliza mwili. Najua ninachokwambia."

"Mama hataki, baba."

"Mama yako hayumo mwilini mwangu."

Nilivaa buibui. Nyumba ya yule mwanamke haikuwa mbali, vichochoro viwili tu. Nilifika mlango wetu wa mbele, nikashika komeo. Hapo nilifikiria mashahidi ambao ami aliwaalika waje kesho yake, nikafikiria mwalimu wa chuoni na neno lake la akili timamu. Nilifikiria kuwa akinywa leo itabidi tuanze tena, na mchumba wangu atachoka kungoja. Nilivua buibui nikalitundika. Nilirudi chumbani nikamwambia yule mwanamke hayupo. Baba alijua kuwa sikutoka, maana alinisikia muda wote. Aligeukia ukutani na hakuniomba tena.

Siku ya tatu alikuwa ametulia. Alikaa kitandani amevaa kanzu ya marehemu mume wa yule bibi. Ami alikuja na mwalimu wa msikiti wa mtaani na wazee wawili. Mwalimu alimuuliza baba jina lake, siku gani, na jina la binti yake, na yote alijibu sawa. Kisha baba akasema, kwa sauti iliyokuwa karibu na ile ya zamani, kwamba amempa ndugu yake uwakili wa kuniozesha kwa mtu aliyeniposa, na kwamba yeye mwenyewe yu radhi. Wale wazee walimwombea dua. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na nilimwona akitabasamu. Ni hapo nilipoelewa kuwa yeye hakuja Mjini kwa ajili ya uwakili. Alikuja kumrudisha mumewe, na aliona amempata.

Wageni hawakuwa wamefika mwisho wa njia baba alipopiga ukelele mmoja na kuanguka. Mwili ulikakamaa ukaanza kutikisika, povu likamtoka mdomoni. Majirani walimbeba na kitanda chake mpaka hospitali. Njiani hali ile ilimjia tena, na tena. Aliyetupokea, msaidizi wa daktari, alimtazama macho na tumbo, akauliza alikunywa lini mara ya mwisho. Nilimwambia juzi asubuhi. Aliuliza alikuwa akinywa kwa muda gani, nikasema kwa miaka. Hakutukaripia. Alisema tu kwamba mwili uliozoea namna ile haunyimwi kwa mara moja, na ingekuwa bora tungemleta kwao siku ya kwanza. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, na najua alisikia, kwa sababu alikaa chini pale pale sakafuni.

Baba alifariki kabla ya alasiri.

Wanaume walipokuwa wakishughulika na josho la maiti, mama alinituma nikampe habari mpika pombe. Nilimkuta anatia kuni. Aliuliza jambo moja tu, kama tulimpa hata tone. Nilisema hatukumpa. Aliingia bandani akanitolea vitu vya baba, shuka moja, shoka dogo na jozi ya viatu vya kanda visivyolingana. Aliniwekea mikononi, kisha akarudi kwenye moto wake. Nilitaka anitukane. Ningeona nafuu.

Baba alizikwa Ng'ambo siku ile ile, na kesho yake tukarudi Uroa. Gari lilipotoka nje ya mji, ami alirudisha tasbihi yake mfukoni. Kisha alisema, bila kututazama, kuwa uwakili umekufa pamoja na aliyeutoa, na kwamba sasa walii, mwenye kuniozesha, ni yeye kwa haki yake mwenyewe. Alilisema kama mtu anayeeleza mas'ala ya dini, na ilikuwa kweli. Maneno yote aliyoyasema baba akiwa amekaa kitandani, maneno tuliyoyanunua kwa siku tatu zile, hayakuwa na kazi tena.  Mama alikuwa ameshikilia chuma cha ubavuni, vumbi linamwingia machoni, na hakuyafumba.

Niliolewa baada ya arobaini, bila ngoma. Mwalimu wetu wa chuoni alimuuliza ami kama yeye ndiye walii, ami akasema ndiye, na ikaisha kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani. Mume wangu amekuwa mtu mwema kwangu miaka yote hii. Nilimsimulia habari ya komeo mara moja, tulipokuwa na watoto wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto.

Siku ya ndoa mama alikuwa katika eda, amekaa chumbani kwake na nguo nyeupe. Wanawake waliponipeleka kumpa mkono, alikuwa amekaa kitako mkekani, anasuka kamba ya makumbi kwa mazoea tu. Aliiweka kamba chini, nikapiga magoti mbele yake. Nilingoja aniombee dua, au aseme neno lolote juu ya baba. Aliuliza kama wageni wote wamepata chakula. Nilimwambia wamepata. Akasema basi niondoke, nisimweke mume wangu kungoja, na akaiokota kamba yake.