Barua za Kitheka kwa Fundi wa Injini

Mwaka wa 1955 Kitheka wa Nzioka alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika shule moja ya ufundi mjini Thika, na alikuwa na kigugumizi kibaya. Akitaka kusema "injini" neno lilimkwama kinywani mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kwa hiyo darasani alikaa nyuma, kimya, akajibu kwa mikono. Ukimpa mashine iliyokufa aliifungua, akapanga nati zake juu ya gunia, kisha akairudisha ikinguruma. Walimu walimsifu. Lakini mwenyewe hakuwa na raha, kwa sababu alikuwa amemwona Kaleli.

Kaleli alimaliza shule hiyo hiyo mwaka uliotangulia, tena wa kwanza darasani. Sasa alikuwa akiuza makaa karibu na stesheni ya reli. Siku moja Kitheka alipita pale, akamsalimu, akajikaza akamwuliza imekuwaje.

"Nimezunguka kila mahali na cheti changu," Kaleli akasema, akijipangusa mikono. "Kila mahali wananiuliza, nani anakujua? Nawaambia walimu wananijua. Wanasema, walimu hawaendeshi mashine yetu."

Maneno hayo yalimkaa Kitheka rohoni wiki nzima. Kama mtu aliyeshika namba moja alikuwa hajulikani, yeye asiyeweza hata kutaja jina lake bila kuhangaika angejulikana na nani? Akamweleza rafiki yake Waweru, kijana wa Ruiru ambaye kitanda chake kilipakana na cha Kitheka bwenini. Waweru alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili. Ila ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Mkikuyu kama yeye hakuweza kutoka Thika bila pasi ya kusafiria.

"Mimi nina mdomo lakini barabara imefungwa," Waweru akasema. "Wewe si Mkikuyu, barabara unayo, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mwalimu. Andika barua."

"Niandike ni-nini? Niombe kazi?"

"Aaa, kazi kila mtu anaomba. Uliza kitu unachotaka kujua kweli."

Swali Kitheka alikuwa nalo. Injini ya dizeli ya pale shuleni ilitoa moshi mweupe kila asubuhi, na hakuna aliyeweza kumweleza sababu. Mjomba wa Waweru alichuma kahawa katika shamba kubwa kule Ruiru, na alikuwa amemtajia Waweru mara nyingi mzee Aketch, Mjaluo aliyeendesha injini ya kiwanda cha shamba hilo. Basi Kitheka akamwandikia ukurasa mmoja. Aliuliza habari ya moshi tu, akatia sahihi, akaipeleka posta.

Majibu yalichukua wiki mbili. Yalikuja yameandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa kutoka mfuko wa saruji: "Moshi haisemeki kwa barua. Kuja Jumapili. Aketch."

Akaazima baiskeli, akaenda. Mzee Aketch alikuwa mrefu, ovaroli yake imekuwa nyeusi kwa oili. Alimtazama kijana juu hadi chini.

"Ni wewe unauliza moshi?"

Kitheka akafungua mdomo, neno likagoma. Watu wengi wangemmalizia, au wangetazama pembeni kwa aibu. Aketch alichukua kitambaa akaendelea kupangusa spana zake taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, mpaka neno likatoka lenyewe.

"Ndi-ndiyo, mzee."

"Haya omera, ndugu yangu, vua shati. Kazi hii ni chafu."

Siku hiyo hakugusa kitu ila kitambaa na kopo la oili. Jumapili ya pili vilevile. Jumapili ya tatu Aketch alimwonyesha nozeli inayopuliza dizeli ndani ya injini, jinsi inavyochafuka ikadondosha matone badala ya kupuliza, na matone yale yakatoka nje bila kuungua. Moshi mweupe ndio huo.

Wanafunzi wengine, wangefika hapo, wangeshukuru wakaenda zao. Kitheka kila Jumatatu aliandika barua nyingine. Alieleza alichokwenda kujaribu shuleni na kilichotokea, hata pale alipoharibu. "Nilisafisha nozeli ulivyonionyesha. Moshi umepungua lakini sasa injini inagonga. Nimekosea wapi?" Aketch alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, akiitwa tu wakati kitu kimevunjika. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anajua nini. Barua zile alizihifadhi katika sanduku la spana, na saa ya chakula aliwasomea wenzake kwa sauti.

Ni yeye aliyemtuma Kitheka kwa Rama, mhunzi Mwislamu wa Majengo, Thika, aliyefua vipuri kutoka vyuma vya magari mabovu.

"Nani kakuleta, mwanangu?" Rama akauliza bila kuacha nyundo.

"M-mzee Aketch."

"Basi ingia. Yule hajawahi kuniletea mvivu."

Huko, kwa kuwa ni Thika, aliweza kwenda na Waweru. Kitheka alitazama, Waweru aliuliza, na baada ya miezi michache Waweru ndiye aliyempigia Rama nyundo kubwa.

Mwezi wa Novemba 1956, kahawa ikiwa imeiva kwa wingi, injini ya shamba jirani na la Aketch ilisimama ghafla. Magunia ya kahawa mbivu yalirundikana mpaka mlangoni, na kahawa isipomenywa siku ileile huharibika. Aketch alikuwa kitandani na malaria. Aliwaambia waliomjia, "Endeni Thika, mchukueni Kitheka." Meneja, Mzungu mwenye haraka, akatuma gari.

Kitheka aliifungua ile mashine watu wamemzunguka. Hakukawia kuona tatizo: shafti, mhimili unaozungusha pampu ya maji ya kupoza injini, ilikuwa imekatika vipande viwili. Aliinuka, jasho likimtiririka. Angeweza kujifanya anahangaika nayo hadi jioni, na asingelaumiwa na mtu.

"Hii mi-mimi siwezi," akamwambia meneja.

Meneja akageuka kuondoka.

"Lakini na-namjua anayeweza. Yuko Thika. Na msaidizi wake anahitaji pasi ya ku-kufika hapa."

Meneja akaandika pasi ya Waweru palepale, juu ya boneti ya gari.

Rama alikuja na shafti ya lori kuukuu, akaifua na Waweru, wakaisugua kwa tupa mpaka ikaingia, naye Kitheka akaifunga. Jua lilikuwa bado halijazama injini iliponguruma, wanawake waliokuwa wakichambua kahawa wakapiga vigelegele.

"Unamaliza shule lini?" meneja akamwuliza.

"Mwezi ujao. Lakini tu-tuko wawili, bwana. Na Waweru."

Meneja alisitasita, maana kumwajiri Mkikuyu wakati ule kulizua maswali mengi katika ofisi za serikali. Rama akasema atamdhamini. Wiki iliyofuata Aketch, miguu bado inamtetemeka kwa homa, alitembea mwenyewe mpaka kwa meneja akasema hivyohivyo. Kitheka alianza kazi Januari. Pasi ya Waweru ilichelewa hadi Machi, na mpaka ilipotoka Kitheka alifanya kazi ya watu wawili ili nafasi ile isichukuliwe na mwingine.

Kigugumizi hakikumwacha. Alimwoa Ndila, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye baadaye alipenda kusema kwamba alichumbiwa kwa barua nne na sentensi moja. Kufikia 1959 mashamba kati ya Ruiru na Thika yalikuwa yakiwaita hao vijana wawili kila mashine iliposumbua. Waweru alitangulia mlangoni, akiamkia na kuuliza habari za nyumbani, na kabla hajamaliza salamu Kitheka alikuwa tayari chini ya injini, miguu tu ikionekana.