Aliniambia Nimtazame

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, na wala si usiku. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, kisiwani Koyama, na akili zangu nilikuwa nazo zote.

Kwanza nikueleze ugonjwa wangu. Mimi hujipiga picha. Si za kujionyesha kwa watu, la. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Vita vya Somalia vilipoanza watu wakavihama visiwa, naye akanitia chomboni mikononi mwa mdogo wake, akasema atafuata na chombo kingine. Homa ikamuwahi. Picha yake haipo hata moja. Basi nimekulia Mombasa kwa mama mdogo, nikiambiwa kila siku, "Umemchukua mama yako," nami nikijiuliza, nimemchukua wapi? Pua? Kidevu? Ndipo nikaanza kujipiga, leo na leso kichwani, kesho bila, nikicheka, nikinuna, kisha nampelekea mama mdogo ahukumu. "Hapa kidogo," husema. "Hii bado." Miaka yote bado. Unajua uchungu wa kuutafuta uso wa mtu ndani ya uso wako, na hujui hata unafananaje?

Nikafunga safari. Kismayo, kisha boti ya mashine hadi Koyama, nikafikia kwa binamu yangu. Wakanionyesha nyumba niliyozaliwa. Gofu tu la mawe, dari limeanguka, mlango hauna ubao. Siku ya pili, watu wamejilaza baada ya chakula, nikaenda peke yangu na simu na kile kistendi chake cha miguu mitatu. Nikaingia bila hodi. Nimpigie nani hodi, mbuzi? Nikaitega simu iwe yapiga yenyewe kila baada ya muda, nikasimama ukutani, nikaanza vituko vyangu, shingo huku, midomo kule.

"Sivyo hivyo," sauti ikasema.

Mwanamke, kasimama mlangoni. Haya niliyoiona, wacha tu! Mtu mzima nakutwa nikijibinulia midomo katika nyumba ya watu. Nikainamisha macho palepale. Mama mdogo alinifunza hivyo tangu utotoni, ukikosea kwa watu, macho chini. Nikasema kwa Kibajuni changu cha Mombasa, "Niwie radhi, dada, sikujua kuna mchu hapa."

"Mchu haombi radhi kwao," akajibu.

Najua unachongoja. Kwato! Unataka nikwambie kuwa nilitazama chini nikaona kwato za punda. Pole. Nilitazama chini, ndiyo, na miguu yake naijua hadi leo. Miguu ya binadamu, ina hina, na kidole kidogo kimemkalia mwenzake. Changu kiko vivyo hivyo. Nikasema moyoni, ah, Wabajuni, sote ni ndugu.

Akanisogelea, akanifungua leso, akanifunga upya, akiipapasa kila mara kama mtu anayemvalisha mtoto. Alinukia moshi wa kuni. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama mama mdogo bado aogopa kulala bila taa. Wewe hapo ungeshtuka? Mimi sikushtuka, nilidhani jamaa zangu wamemsimulia.

"Bado," nikasema. "Lakini amenilea vyema."

"Naona," akasema, na sauti ikamkatika. Ilikuwa sauti ya msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kisha akasema, "Wacha hiyo simu, mwanangu. Nitazame mimi."

Nikainua macho. Mara moja tu, niamini, kisha haya ikayarudisha chini. Nilipotazama tena hapakuwa na mtu mlangoni. Nikatoka mbio hadi njiani, nikaita. Hakuna aliyeitika.

Nyumbani, mke wa binamu yangu alinisikiliza bila kunikatiza. Akalishika fundo la leso yangu, akaligeuza. "Ufungaji huu niliuona kwa wachu wa zamani, nao wamekufa wote," akasema, akaenda kuteleka chai.

Picha nilizitazama usiku huo zote. Niko peke yangu. Hata kivuli chake hakimo. Moja tu ilikuwa tofauti, macho yangu yameinuka, yanatazama pembeni ya simu, kwa sura ambayo sikuwahi kujiona nayo. Niliporudi Kismayo na mtandao ukapatikana, nikamtumia mama mdogo. Akapiga simu hapohapo.

"Nani alikupiga hii?"

"Nimejipiga mwenyewe, mama."

"Wamtazama nani hapa?"

"Mwanamke mmoja wa pale."

Akalia. Sijapata kumsikia akilia vile. "Hivi ndivyo mama yako alivyokutazama wewe," akasema, "siku ile aliponikabidhi."

Basi niambie, mimi nimepata au nimekosa? Uso wa mama ninao, umo katika uso wangu, na shahidi kakubali. Lakini ule wake, ule uliosimama mbele yangu, sina. Kila siku naikamua akili. Macho yake yalikuwaje? Alikuwa akicheka? Nakumbuka vidole, hina, moshi. Uso, hamna. Kujipiga picha nimeacha, na ile leso naiweka kabatini na fundo lake, haifuliwi wala haifunguliwi. Mama mdogo huja kuitazama, akakaa, akaondoka.

Watu huniuliza kama niliogopa. Natamani ningeogopa, mwenye hofu hutoa macho! Mimi nilikuwa na adabu. Kwa hivyo nakuonya wewe unisomaye, adabu ni nzuri, usiidharau, lakini siku mtu usiyemjua akikuita mwanangu, akakwambia umtazame, mtazame. Mtazame usoni, usipepese, hadi aondoke mwenyewe.